Chupa ya Mwisho Chini ya Kikwembe

Riziki wangu,

Weye unajua mikono yangu mimi Koko, bibi yako, haikujifunza kalamu. Mimi nasema, jirani yetu Mama Sifa anaandika. Herufi zikitetemeka usishangae, utajua sababu.

Tangu tulipokuzika, bunduki na masasi havijanyamaza hapa mtaani Rugenge. Umeme hakuna, frigo ya kupoza chupa kwenye labo yenu ya chuo imekufa, profesa wako amevuka mpaka, amekimbilia Bujumbura. Zile chupa tatu ulizoniachia, za vijidudu vinavyowaka gizani ulivyovitoa kwenye tumbo la samaki, imebaki moja. Ya kwanza ilizima yenyewe. Ya pili nimeiua mimi. Ulisema niilishe mchuzi wa samaki na chumvi kidogo. Mimi kitu nisichotaka kioze nakitia chumvi kama vile visamaki vyetu vya ndagala. Nikatia konzi nzima. Kesho yake giza. Nitukane tu, nimestahili.

Hii ya mwisho, kila mchana najifunika kitambaa changu cha kikwembe kichwani nipate giza la kuiona, nalegeza kizibo, naitikisa ipate hewa, kama ulivyonifundisha. Bado iko. Mwanga mdogo kama weye ulipozaliwa, lakini hautaki kufa.

Unakumbuka kile kisahani cha labo? Vijidudu vya vidonda vimejaa kote, ila pale ulipoweka tone la chupa hii vimekufa, duara safi. Nikapiga vigelegele, ukacheka: "Koko, hiyo ni kisahani, si mtu." Halafu risasi ikakupata mguuni, mguu ukaoza, shindano za dawa za hopitali zikashindwa. Nikaleta chupa nikumwagie. Ukanishika mkono kwa nguvu zote zilizobaki: "Hapana, Koko. Haijajaribiwa. Inaweza kuua." Nikakuita kichwa kigumu. Unaoza, na bado unanifundisha! Hasira hiyo ningali nayo, mtoto wangu. Ningali nayo.

Sasa sikia. Mume wa Mama Sifa amepigwa risasi begani. Kidonda kinanuka vilevile kama chako. Jana mama huyu alipiga magoti mlangoni: "Koko, nipe ile chupa." Nikamnyima. "Una roho ya jiwe!" Nikamwambia, mjukuu wangu mwenyewe alijinyima. Tukalia wawili. Kisha nikachemsha maji, tukaosha lile bega pamoja.

Mama Sifa ameacha kalamu kidogo. Andika, mama. Andika.

Kesho asubuhi naenda Bujumbura na beseni la ndagala, chupa iko chini yake. Askari wanaofunga njia kwenye barieri wakipekua, watakutana na harufu kwanza, halafu mdomo wangu. Profesa nitamwambia: ijaribu haraka, kuna bega linangoja Rugenge.

Pumzika, Riziki. Nakuahidi: sitaimwaga, sitaiuza, sitaita dawa kitu ambacho weye hukukiita dawa. Nitaitikisa njia nzima.

Naishia hapa. Mama Sifa anaomba aione chupa ikiwaka, kwa macho tu. Nimemwambia aweke kalamu chini, aingie nami chini ya kikwembe.

Koko wako