Matofali ya Nyantende

Nguba, Bukavu, Ijumaa

Ndugu yangu Adalbert,

Nakusalimu wewe, mama wa Carine na mihogo yenu huko Nyantende. Mimi hali ni mbaya. Daktari ameacha kunidanganya. Tulipoonana mwisho, kwenye matanga ya maman, mama yetu, uliupita mkono wangu ukashika wa padri. Kwa hiyo sikuandikii kwa mapenzi.

Nakuandikia kwa sababu ya binti yako. Jana alikuja kunitazama, akaleta ndizi ambazo najua hukumtuma azilete. Akasema Jumatatu anaacha utafiti wake wa masta juu ya matofali ya kuhimili moto. Msimamizi wake amemwonyesha tasnifu yako: udongo ule ule wa Nyantende, joto la nyuzi 1250, saa sita tanurini, na matofali yakabomoka mbele ya jopo. Akaniuliza mimi baba yake mkubwa: tonton, kama papa wangu alishindwa, mimi ni nani.

Usidhani nina huruma nawe. Ulikuwa mtu wa kuchosha. Tulipokuwa pamoja chuoni ulisahihisha hesabu zangu mbele ya maabara nzima, ukaniita Kichwa-Tofali, mimi mkubwa wako, na profesa akacheka pamoja nawe. Nafasi ya kwenda Ubelgiji kwa shahada ya udaktari ilikuwa moja, na kila mtu alijua ni yako.

Jumamosi ile ya kuchoma matofali ya tasnifu yako ulilazwa na malaria, ukaniachia tanuri. Umeme ulikatika baada ya saa mbili tu, haukurudi hadi Jumapili. Uliponiuliza, nilisema haukukatika. Niliandika daftarini kwamba yalichomwa kwa saa sita kamili, nikatia sahihi. Katika mji huu ambako kila mvivu husingizia umeme, mimi nilikana kukatika kwake ulipokatika kweli. Nawe uliyeshuku kila hesabu yangu, hiyo hukuishuku.

Udongo haukuwa na kosa, wala wewe. Nilikwenda Ubelgiji, nikarudi profesa. Wewe ulirudi kuulima udongo ule ule, ukiuchukia.

Carine nilishindwa kumwambia. Alikuwa akinimenyea ndizi. Mwambie wewe kabla ya Jumatatu, ampe msimamizi barua hii, achome matofali yake saa sita za kweli.

Sikuombi msamaha, ungenipa kwa majivuno, nami sina nguvu ya kuyavumilia. Tofali likishika, usiniletee kaburini.

Wasalimu wa nyumbani, hata wasioniulizia. Mtoto mwambie ndizi zilikuwa tamu.

Ni mimi mkubwa wako,
Alphonse Kichwa-Tofali