Mkwe Pembeni mwa Picha

Jumanne, 4 Agosti 1987
Picha za kitambulisho asubuhi yote. Vijana kumi na wawili, wote wamekunja uso. Mchana nikafunga mlango wa studio nikarudi kwa mchezo wangu, ile lenzi pana niliyonunua kwa padri aliyekuwa anarudi kwao. Leo nimepiga trei ya mayai. Katikati ya picha mayai ni mayai. Pembeni yamevutika kama viazi vitamu. Fremu ya mlango nayo imepinda. Sijui kwa nini na inanikera. Mume wangu anasema siku hizi sipiki mayai, nayapiga picha.

Jumatano, 5 Agosti
Kamera juu ya kiti, mimi magotini na chaki. Nilichora sakafuni kila lenzi inaanzia kuona wapi na kuishia wapi. Ile ndefu inaona kipande chembamba tu. Ya kawaida inaona kama jicho langu nisipogeuza shingo. Pana inaona karibu chumba kizima, nusura ichukue na vidole vyangu vya miguu. Mteja aliingia akanikuta hivyo. Akauliza kama nimepoteza kitu.

Alhamisi, 6 Agosti
Amekuja Nasimiyu, mwalimu, kwao ni Misikhu. Mama yake anapoteza macho. Daktari amesema hayatapona. Yanafunga kutoka pembeni, sasa anaona kama anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Mama anataka picha moja: watoto wake watano na mume wa Nasimiyu, Wafula, ambaye ndiye aliyehangaika kumtafutia daktari. Wote pamoja, kabla giza halijafika. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani. Nimekubali. Niliogopa kidogo, sijui kwa nini.

Jumamosi, 8 Agosti
Misikhu. Mahindi yamefika karibu na mlango, hakuna pa kurudi nyuma. Kwa lenzi ya kawaida nikipata mama na watoto watatu, wawili wanabaki nje. Ile pana sikuitoa, ingewavuta kama mayai. Wafula alisimama mbali kule ghalani. Nikadhani wamekosana, nikamwita asogee. Watu wote wakaangalia chini.

Nasimiyu akanivuta kando. Kwao mkwe hamkaribii mama mkwe. Hampi mkono, hakai naye, wakikutana njiani mmoja anakata kona. Miaka yote nimeishi Kitale na Wabukusu, nanunua maziwa yao, na sikujua. Sisi Wagikuyu tuna yetu, lakini si haya. Niliona haya kweli.

Nikapata akili, au nilidhani ni akili. Nikatoka hadi barabarani na ile lenzi ndefu, nikapiga kupitia njia ya kuingilia bomani. Mama na watoto mbele, Wafula nyuma kabisa ghalani, hatua ishirini na zaidi. Wote wameingia. Nilirudi Kitale nikiimba.

Jumatatu, 10 Agosti
Nimesafisha picha. Safi, nyuso zote zinaonekana. Nimeituma.

Jumatano, 12 Agosti
Picha imerudi, imefungwa kwa gazeti. Nasimiyu hakukaa. Alisema hivi tu: "Mama Kamau, hii picha yako imeweka bwanangu kwa bega ya mama. Wafula anasema hakanyagi kwetu tena."

Nikaitazama upya. Ni kweli. Hatua ishirini zimeliwa. Kidevu cha Wafula kama kimelala begani mwa mama mkwe wake. Mimi niliona nyuso, sikuona aibu. Mama ameigeuza kifudifudi, na amesema bila Wafula hataki picha yoyote. Na macho yanaendelea kufunga. Nimejichukia leo.

Ijumaa, 14 Agosti
Chupa mbili za soda kwenye korido, moja nyuma ya nyingine, hatua kumi katikati. Kutoka mbali kwa lenzi ndefu: zimekumbatiana. Nikaweka lenzi pana bila kusogea. Zimekuwa ndogo sana, lakini bado zimekumbatiana! Nilikaa chini. Kumbe kioo hakina kosa, ni pale niliposimama. Nikasogea karibu na chupa ya mbele, hatua mbili tu, na lenzi pana. Ya nyuma ikakimbia mwisho wa korido.

Kwa hiyo: karibu, na pana. Hapo nafasi kati ya watu inaongezeka badala ya kuliwa. Lakini atakayekaa pembeni atavutika kama yale mayai. Siwezi kumficha Wafula hilo. Mara ya kwanza sikumweleza mtu lenzi itafanya nini, inatosha.

Jumapili, 16 Agosti
Baada ya kanisa nilimfuata Wafula kwake. Nikamwomba radhi, nikamwonyesha picha ya chupa na ya mayai. Nikamwambia kichwa chake kitapanuka. Alishika ile ya mayai muda mrefu, akacheka.

"Wacha ninenepe bana. Si bora nionekane na heshima iko?"

Tukaenda Misikhu. Mama katikati kwenye kigoda, watoto kando yake. Wafula pembeni kabisa mwa picha, nyuma yao, hatua kumi kutoka kwa kigoda. Mimi mbele yao karibu kabisa, mgongo wangu ndani ya mahindi. Hakuna aliyetazama chini.

Jumanne, 18 Agosti
Imetoka. Kati ya mama na Wafula pangeweza kupita ng'ombe wawili. Kichwa chake ni boga, ghala limelala upande. Sijali. Nimeitoa kubwa, kubwa kuliko picha zote zilizo ukutani mwa studio. Mama anastahili kubwa.

Jumamosi, 22 Agosti
Nimeipeleka mwenyewe. Mama aliishika kwa mikono miwili. Akaona goti. Akasogeza, akaona shati. Akaitafuta picha ndani ya picha, kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Ukubwa wangu wote ule, kwake ulikuwa vipande.

Kwenye bahasha nilikuwa na nakala ndogo ya majaribio ya picha hiyohiyo, upana wa vidole vitatu. Nikampa hiyo. Akanyoosha mkono mbele yake, akainamisha kichwa, akatulia. Akataja watoto mmoja mmoja, wa kwanza hadi wa mwisho, bila kusogeza mkono.

Jina la mkwe halitajwi.

"Na yule mwingine pia yuko," akasema.

Wafula alikuwa kule barabarani na baiskeli yake. Nasimiyu alienda kumwambia.