Konokono Watatu wa Pipa la Baba Mdogo

Jumamosi, Juni. Tangu asubuhi ukungu umekaa juu ya milima ya Matogoro na vidole vyangu vina ganzi. Nimetoka kwenye bwawa la Babu.

Babu alifariki mwaka jana. Kabla ya kuchimba bwawa hilo la perege alikuwa baharia, mtu wa pampu kwenye meli za mizigo. Nilipokuwa mdogo nilikaa naye pale ukingoni, nikimmenyea karanga, koti lake likinuka mafuta ya taa. Alinieleza kwamba meli isiyo na mzigo hujaza maji ya bahari kwenye matangi yake ili isiyumbe, kisha huyamwaga bandari nyingine. Ndani ya maji hayo husafiri kaa wachanga, konokono na mbegu za magugu, wakaharibu bahari ya wenyewe. Kwa hiyo iliwapasa mabaharia wayabadilishe mbali na bandari, kwenye kina kirefu.

"Safari moja tulichelewa, mke wangu," aliniambia. Ndivyo alivyonitania. "Nikafungua pampu palepale bandarini. Mpaka leo sijui niliacha nini kule."

Hakulirudia tena. Ila kila alipoleta vifaranga wa samaki, aliwachota kwa chujio, na maji waliyokuja nayo akayamwaga kwenye migomba.

Leo Baba Mdogo ameleta pipa la vifaranga kutoka kwa rafiki yake wa Nalasi. Yeye na wenzake wawili wakalibeba hadi ukingoni, wakaanza kuliinamisha.

Mbele ya watu sauti yangu hukauka.

"Baba Mdogo, usimwage."

Hakusikia. Nikalishika pipa.

"Maji tu haya, mwanangu. Au siku hizi wewe ndiye nahodha?" Wenzake wakacheka.

Nikawaambia habari za meli. Nikawaambia na ile ya pampu, siri ya Babu, maana sikuwa na kingine cha kuwazuia. Sijui kama angenisamehe.

Baba Mdogo akalisimamisha pipa. Kisha akaenda mwenyewe jikoni kulichukua lile chujio.

Tuliwahamishia vifaranga kwenye ndoo ya maji ya kisima, taratibu, na maji ya pipa nikayamwaga kwenye migomba. Chini ya pipa walibaki konokono watatu, wadogo kama punje za mtama, wa aina ambayo sijawahi kuiona bwawani kwetu.

Babu hakujua aliacha nini kule.

Mimi, konokono niliowazuia wanatosha kiganjani mwangu.