Kiti cha Kendrell

Jumamosi, 13 Aprili
Tumerudi kutoka chuoni kwa Kendrell. Miguu imevimba, viatu nimevulia ndani ya gari. Kocha Mabry katutembeza kwenye ukumbi wao wa picha. Ukuta mzima ni vijana wa chuo kile waliochukuliwa na timu za kulipwa kwenye raundi ya kwanza ya kuchagua wachezaji, katika mpira wetu wa Kimarekani, ule wa helmeti na kugongana. Ishirini na tatu! Hakuna chuo huku Kusini chenye ukuta kama huu, anasema, kifua mbele kama jogoo. Mwishoni kuna fremu tupu, na chini yake jina la mjukuu wangu limeshaandikwa.

Nikamuuliza, timu zinachagua Alhamisi ya tarehe 25, mbona mmeshatundika? Akacheka. "Mama Earline, sisi hapa hatubahatishi."

Odell, mwanawe jirani yangu Luvenia, yumo, safu ya pili. Suti ya samawati, meno yote nje. Kendrell alisimama mbele ya picha ile mpaka nikamvuta mkono.

Nimejivuna, nisiseme uongo. Mimi niliyeishia darasa la sita! Mama yake Kendrell alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, nimemlea kwa mikono hii.

Jumatatu, 15 Aprili
Odell anakata majani tangu asubuhi. Mahali palepale. Udongo umebaki mtupu, na yeye anasukuma tu mashine. Ana miaka thelathini na minne! Nikamkemea kutoka barazani, akanipungia mkono kwa heshima, akaendelea.

Dada Luvenia kaja kuazima sukari. Anasema Odell kamsalimia mara tatu kabla ya kifungua kinywa, kila mara kama katoka safari. Funguo za gari Luvenia anazilalia chini ya mto, Odell asiendeshe. Siku Odell alipochaguliwa chuo kilileta keki kubwa kama meza. Siku hizi hata kadi ya Krismasi hawaleti.

Kisha akaniuliza, "Wako hajambo kichwa?"

Nikamjibu vibaya. Aende na sukari yake.

Jumatano, 17 Aprili
Kendrell yuko nyumbani hadi siku timu zitakapochagua. Nilimtuma maziwa ya mgando, nipike mkate wa mahindi. Duka liko hapo kwenye kona! Saa nzima. Nikamfuata na aproni yangu. Yumo ndani ya gari nje ya kanisa, injini inanguruma, mikono kwenye usukani.

"Nilikuwa nawaza, Bibi."

Unawaza nini na gari linawaka? Maziwa hakununua. Nilimsema njia nzima. Alipofika akashusha mapazia yote. Jua linamuumiza macho, anasema. Jua la Aprili!

Ijumaa, 19 Aprili
Simu kutoka timu moja ya kulipwa. Bwana Prentiss, sauti laini kama ya muuza majeneza. Hupigia familia zote, anasema, na timu yake inamtaka Kendrell sana. Beki anayegonga vile hapatikani kila mwaka.

Halafu akaja kwenye ule mtihani wa kichwa. Kila Agosti kabla ya msimu wanawakalisha vijana mbele ya kompyuta, wakumbuke maneno na maumbo. Alama zinawekwa. Kijana akigongwa kichwa anarudishwa kwenye mtihani uleule. Alama zikishuka, hachezi.

"Za Kendrell hazijashuka miaka minne, mama. Hata moja. Je, wewe nyumbani umeona chochote?"

Nikamwambia nina samaki kwenye mafuta.

Sikuwa na samaki. Mimi, Earline Pettway, ninayewaumbua waongo kanisani mbele ya watu! Atapiga tena Alhamisi, kabla timu yake haijataja jina. Jibu langu tu ndilo limebaki, anasema.

Jumapili, 21 Aprili
Baada ya ibada nikamkalisha Kendrell jikoni. Sema.

Kasema. Pale chuoni wakubwa huwafundisha wageni: mtihani wa Agosti ufanye vibaya makusudi. Ukianza chini, hata ugongwe namna gani, alama hazina pa kushukia. Ndivyo walivyofanya wote wa ukutani. Odell pia.

Na mimi nilijua! Mwaka wake wa kwanza alinipigia simu akicheka, akanisimulia ujanja wao. Nikacheka naye. Nikamwambia, fanya wanavyofanya wenzako, usijitie uprofesa. Maneno yangu haya.

Nikasema, basi, ni hilo tu? Ulijifanya mjinga.

Akazungusha kikombe. "Agosti iliyopita sikujifanya, Bibi. Nilitaka kujua. Nilijitahidi kwa nguvu zangu zote."

"Ikawaje?"

"Nikapata alama zilezile."

Jumanne, 23 Aprili
Sipiki. Kocha kapiga, kamera zinakuja, nivae nguo ya njano, inapendeza kwenye runinga. Nikamkatia simu.

Kuhusu Bwana Prentiss, Kendrell hasemi nyamaza, hasemi sema. Kaniambia tu: "Hiki ndicho kitu pekee ninachokijua, Bibi."

Ana miaka ishirini na miwili.

Alhamisi, 25 Aprili
Naandikia stoo, nimekalia ndoo ya mafuta. Kule sebuleni watu wamejaa hadi barazani. Kambare wameliwa, bamia zimekwisha, runinga inapiga kelele, timu kumi na moja zimeshachagua. Kocha Mabry anagawa kofia za chuo kama peremende. Timu ya Bwana Prentiss ni ya kumi na nne.

Jua lilikuwa bado juu Odell alipoingia. Suti ya samawati. Ileile! Haifungi tumboni. Kapita katikati ya watu moja kwa moja, kakaa kwenye kiti cha Kendrell mbele ya kamera, kaiweka simu yake gotini. "Bado hawajanipigia?" kauliza. Kocha akacheka peke yake, kisha akaacha. Luvenia alikuja mbio kumwondoa, nikamzuia. Mwache akae. Nani amtoe? Kocha aliyemtundika ukutani?

Ya kumi na mbili imechagua. Nasikia makofi.

Simu yangu iko juu ya gunia la mchele. Inatetemeka. Ni Bwana Prentiss. Imekatika. Imeanza tena.

Kendrell kafungua mlango wa stoo. Nikadhani ananiomba nisipokee. Nilikuwa tayari kumsikiliza, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari.

Kainama sikioni kwangu, polepole, kama mtu anayeona haya kuuliza:

"Bibi, yule aliyekaa kwenye kiti changu ni nani?"

Odell aliyemfundisha kuendesha baiskeli!

Simu inalia. Kendrell ananitazama, anangoja jibu. Nimeweka mkono juu ya simu. Kalamu naiweka chini, napokea.