Namba ya Kocha Ndani ya Kamusi

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Jumatano, maana siku hiyo mjukuu wangu Yaneisy, niliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu, ataketi mbele ya shule nzima hapa Tampa atie saini mkataba wa chuo atakachokwenda kusoma na kukiwakilisha katika mashindano ya kuogelea, na ni mimi peke yangu ninayejua kwamba uamuzi wake umejengwa juu ya uongo. Vyuo viwili vilimtaka: kimoja cha hapa mjini, kinacholipa nusu ya karo na ambacho kocha wake hata jina la mtoto hulikosea, na kingine cha Minnesota kwenye theluji, kinacholipa yote na kufundisha ujenzi wa madaraja, ndoto yake tangu utotoni. Kocha wa huko alipiga simu ya nyumbani mtoto akiwa mazoezini, akasema, "Mama, nafasi ni yake, nasubiri neno lake tu," nami nikajibu, "Ameshaamua kubaki," na simu hiyo sikumwambia mtoto; tangu hapo hunikumbatia akisema, "Si kitu, Bibi, hawakunitaka, nitakula wali wako na maharage miaka minne mingine mpaka unichoke," nami nakoroga sufuria nisimtazame. Nilitoka Havana peke yangu nikiwa na miaka kumi na minne, mama akiwa upande wa pili wa kioo cha uwanja wa ndege, akisema maneno nisiyoyasikia, na sikumwona tena. Namba ya kocha niliiandika. Imo ndani ya kamusi. Nifanye nini?

Hortensia, Tampa

Bi Hortensia, pole kwa kioo kile. Lakini si mtoto aliyekiweka, na sasa wewe unamwekea cha kwake: yeye huku, kocha kule, maneno hayapiti. Nilikukasirikia, kisha nikafika kwenye ile namba. Anayetaka kuzika jambo hahifadhi namba yake.

Leo akirudi mazoezini, kabla hajavua viatu, mwambie. Usianze na Havana, anza na "Nilidanganya." Akilia, mwache alie. Akikununia, vumilia, umestahili. Kisha pigeni simu pamoja, ukiri kwa kocha kwa kinywa chako, halafu mpe mtoto simu na unyamaze. Aulize mwenyewe: nikiumia bega, karo itaendelea kulipwa? Mazoezi yataniachia muda wa kusoma? Kama nafasi imekwisha kuchukuliwa, walau atajua kwamba alitakiwa. Na akiamua kubaki, iwe kwa hiari yake.

Akienda, mnunulie koti zito. Kwenye uwanja wa ndege mkumbatie mpaka aseme, "Bibi, unanibana." Safari hii utasikia.