Mistari Arobaini Yenye Njaa

Szeged, 3 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, na hukubali kuwa hunisikii.

Ile mistari arobaini ya alfalfa, majani ya mifugo niliyopanda nyuma ya kisima, nakuomba usiitie kitu, mbolea wala samadi. Itakuwa ya manjano, iache. Alfalfa ikikosa nitrojeni huwakaribisha bakteria wa udongoni kwenye vinundu vya mizizi yake, kisha huwamwagia vijiprotini. Bakteria huvimba, huitengenezea nitrojeni, na hawazai tena. Ukiilisha haiwahitaji, na mimi sitaona kitu. Huu ni msimu wangu wa mwisho. Nikikosa matokeo, mkataba wangu wa utafiti chuoni unaisha Agosti.

Binti yako,
Emőke

Orosháza, 29 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile. Nimekutumia soseji, ule, umekonda.

Alfalfa yako ina manjano ya mgonjwa wa ini. Jirani yetu Vendel hupita na baiskeli kila asubuhi: "Gellért, binti yako kasomea kuua majani?" Nikamjibu, "Na wewe umbea ulisomea wapi?" Lakini iliniuma. Mama yako, Mungu amrehemu, hakuacha kitu kilale njaa kwenye shamba hili, hata mbwa wa Vendel. Navumilia.

Baba yako

Szeged, 24 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini mzima. Mizizi niliyokuomba, uliyoifunga kwenye gazeti lililolowa, imefika, na nimeikata yote. Kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu ndani. Hivi ni vidogo, vyeupe, vitupu, na majani ni ya kijani kabisa. Mmea wenye njaa hauwi hivyo.

Siulizi kwa hasira. Uliitia nini?

Binti yako

Orosháza, 19 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nimeianza mara tatu.

Vendel hahusiki. Siku ya kumbukumbu ya mama yako nilitoka makaburini, nikapita kisimani, nikaiona alfalfa yako na manjano yake. Nikachukua ndoo ya mbolea ya chumvichumvi, nikagawa kidogo kidogo, nikidhani kidogo hakitajulikana. Naona aibu. Ndoo iliisha kabla ya mstari wa mwisho. Huko nimeng'oa mche, nikapasua kinundu kwa kisu cha mkate: chekundu. Nakutumia mstari mzima. Nisamehe.

Baba yako

Szeged, 2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Mzigo ulifika salama. Vinundu ni vizuri, ungefurahi kuviona chini ya darubini. Lakini mstari mmoja si utafiti. Mkataba umeisha juzi.

Nimepata kazi Denmark, kwenye kiwanda cha jibini. Naondoka Jumamosi na sitapita nyumbani. Nimejaribu kukukasirikia na nimeshindwa, na hilo limenichosha zaidi. Usitume soseji.

Emőke

Orosháza, 11 Oktoba

Mwanangu,

Natumaini huko baridi haijakuzidi. Goti halijambo. Anwani yako mpya sina, kwa hiyo naipeleka hii Szeged, labda watakufikishia.

Barua yako ilinikuta nimeshapanda upya, mistari arobaini, nikidhani watakupa msimu mwingine. Imeota, yote ya manjano. Vendel ananiuliza kama na mimi sasa ni msomi. Ndoo ya mbolea nimempa yeye aniwekee, na nimemwambia asinipe hata nikimwomba.

Kila asubuhi napita kisimani, nasimama, naitazama. Siitii kitu.

Baba yako