Mama, Soja Amevuliwa Kola

Mama,

Soja amelala mlangoni ninapokuandikia, mdomo juu ya miguu ya mbele, sikio moja limesimama. Shingoni hana kitu. Nataka kukueleza jinsi tulivyofika hapa, kwa sababu ni wewe uliyemlea tangu akiwa hajafungua macho, na kwa sababu kila ninayeanza kumweleza huniambia, "Si ni mbwa tu, bana."

Baada ya kukuzika, nyumba yetu ya Kitale, pale shambani ulikofunza mbwa wa walinzi, ilihitajika kwa mfanyakazi mwingine. Mjomba alikuja na pikapu yake, tukapakia kitanda changu, sufuria zako na Soja, akatuleta kwake Bungoma. Overoli yako niliiweka kwenye begi langu la shule. Mfuko wake bado unanuka yale maini makavu uliyowapa mbwa wakifanya vyema. Aunty alitaka kuifua. Nilimwomba aiache, naye akaiacha. Ni watu wema, Mama. Wema wao ndio uliofanya jambo hili liwe gumu.

Kila jioni, saa ile uliyokuwa ukirudi kutoka kazini, Soja aliruka lango na kukimbilia barabara kuu, upande wa kwenda Kitale. Unajua malori ya miwa yanavyopita huku. Mjomba alimfuata kwa miguu, akamfuata kwa bodaboda, na siku moja alimfuata akiwa amejifunga taulo tu, watoto wa jirani wakimwimbia njia nzima. Akamfunga kwa mnyororo. Soja akalia mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba mwingine, ikabidi afunguliwe.

Halafu jioni moja lori lilimkosa chupuchupu. Mjomba alirudi amembeba kifuani, mzima. "Huyu nitakuja kumwokota barabarani na koleo," alisema. Wiki hiyohiyo akanunua kola ya umeme. Shingoni ina kisanduku kidogo chenye vyuma viwili vya kugusa ngozi, na mtu hushika rimoti. Ukibonyeza, mbwa anapigwa shoti.

Nilikumbuka ile iliyoletwa shambani na mchuuzi fulani. Uliijaribu kwanza kwenye mkono wako mwenyewe, ukaurusha mkono, ukacheka, kisha ukamrudishia. "Mbwa atajua ameumwa," ulimwambia. "Hatajua ameumwa na nini." Nilimwomba Mjomba angoje kidogo, akakubali.

Nililipeleka jambo hili shuleni. Mwalimu wetu wa Kiswahili akalifanya mada ya mdahalo, iwapo kola za umeme zitumike kufunza mbwa. Akaniweka upande wa wanaounga mkono. Nilitaka kulia. Alisema, "Wewe ndiye unayehitaji kuusikia upande huo." Basi nikasimama nikasema maneno ya Mjomba: kwamba maumivu ya mara moja ni heri kuliko tairi la lori, kwamba anayempenda mbwa wake hawezi kukaa tu akingoja. Mwenzangu Nekesa, ambaye babake ni mlinzi, akaongeza, "Kola haina kosa. Kosa liko kwenye kidole." Wa upande wa pili akajibu, "Basi tumvalishe anayepiga kengele ya asubuhi, tuone kama atachelewa tena," darasa likaangua kicheko. Sikumbuki nani alishinda. Ninachokumbuka ni kwamba nilirudi nyumbani nikiwa siwezi tena kumkasirikia Mjomba.

Lakini sikutaka aibonyeze. Aliibonyeza.

Soja alikuwa anaelekea langoni. Mimi nilisimama pembeni nikamwita, kwa sababu nilifikiri nikimwita akija, hakutakuwa na haja. Alinisikia. Aligeuza kichwa akanitazama, na ni wakati huohuo kidole cha Mjomba kilipobonyeza. Alilia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Macho yake yalikuwa kwangu, Mama. Akaamini ni mimi.

Kola ilifanya kazi. Hakuruka lango tena. Alikaa chini ya ghala la mahindi, na nilipompelekea ugali alingoja nitoke kabisa ndipo ale. Nikinyoosha mkono, anarudi nyuma. "Si umeona, ametulia," Mjomba alisema, lakini alisema polepole, kama mtu anayeuliza. Usiku nililala na overoli yako usoni. Nilikuwa nimewapoteza wawili.

Kukhu alipopiga simu kutujulia hali, nilimwambia yote. Unamjua mama yako, haulizi unachotarajia. Aliuliza, "Siku ya mazishi, mbwa alikuwa wapi?"

Tulikuwa tumemfungia stoo. Watu walikuwa wengi, wengine wanaogopa mbwa, na mwenyeji hataki mgeni aliyekuja kulia aumwe. Kila mtu hufanya hivyo. Soja alisikia nyimbo kupitia mbao, akasikia udongo ukianguka, na alipofunguliwa jioni kila kitu kilikuwa kimekwisha. Kukhu akasema, "Hata ng'ombe wa babu yako tuliwapitisha kaburini kwake wamuage. Huyu mlimnyima kuaga, na sasa mnampiga kwa sababu anatafuta." Simu ilikuwa kwenye spika. Mjomba, ambaye ndiye aliyefunga lile kufuli la stoo, alitazama vidole vyake. Jumamosi asubuhi alikuwa ameshawasha pikapu.

Kwa hiyo tulikuja kwako, kule Kiminini nyumbani kwa Kukhu. Sijui kama ulitusikia. Udongo umeshuka kidogo, na mahindi ya Kukhu yamenifika kifuani. Nilivaa overoli yako, mikono nimeikunja mara nyingi. Soja alishuka akiwa amejikunyata, akanusa njia, kisha akainua kichwa. Alilizunguka kaburi polepole. Alichimba kwa mguu mmoja, kidogo tu, akaacha. Akalala juu yako, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyefika kutoka mbali.

Mjomba alichuchumaa akamvua kola. Shingoni, ilipokuwa kola, manyoya yalikuwa yameisha. Alivua kofia.

Tukakaa mpaka jua likaanza kushuka. Wakati wa kurudi ulipofika, Soja hakutaka kuondoka. Mjomba alimwita, akapiga makofi, akapiga mluzi. Hakuna. Nilimwona akiitazama ile kola mkononi mwake, nami nikasema, "Ngoja, Mjomba. Tafadhali."

Kwa maana nilikumbuka. Ulinifundisha nikiwa mdogo, siku Soja alipokataa kutoka mtaroni nami nikamkimbiza mpaka nikaanguka. "Mbwa usimkimbize," ulisema. "Mpe mgongo, uende zako. Anayekupenda hapendi kuachwa."

Lakini kumpa yeye mgongo ilikuwa kukupa wewe mgongo pia. Tangu uondoke sijawahi kutoka kaburini bila kuvutwa mkono na mtu. Nikageuka. Nikatembea kati ya mistari ya mahindi, sikutazama nyuma, nikisema moyoni, samahani, samahani, bila kujua ninamwambia nani kati yenu.

Nilikuwa nimefika karibu na pikapu niliposikia majani ya mahindi yakisuguana. Kisha pua yenye baridi ikaingia kwenye mfuko wa overoli, ikatafuta, ikaukuta mkono wangu humo, na haikuondoka.

Kola iko juu ya kabati la sebuleni. Mjomba hajaitupa. "Akirudi barabarani, nayo itarudi shingoni," alisema, na nadhani ni haki. Hataki kumwokota na koleo. Soja bado huenda langoni saa ile ya jioni, lakini sasa hukaa chini na kutazama tu. Jana alitingisha mkia nilipopita. Naahidi nitamfunza kwa njia yako, na nikimaliza shule nitafunza wengine, hata kama itachukua muda mrefu kuliko kubonyeza.

Ameinuka sasa. Ni saa yake. Lala salama, Mama. Naenda naye mpaka langoni, tusimame kidogo tukitazama upande wa Kitale. Kisha nitampa mgongo nirudi nyumbani, na sitageuka. Nitasikiliza miguu yake.

Binti yako,
Nafula